Mkanda na Chapeo katika Ndege za Kale

Wasomaji wetu wengi wamepata kuona picha ya rubani wa zamani. Kichwani ana kofia ya ngozi iliyobana masikio, machoni ana miwani mikubwa ya kuzuia upepo, na shingoni ana kitambaa cheupe kinachopepea. Ni picha ya kupendeza, nasi hatushangai kwamba hata leo wako watu katika Uingereza, na Ufaransa, na Marekani, wanaozitunza ndege za miaka ile, ndege za miti na nguo na waya, na kuzirusha siku ambazo hewa ni tulivu, wakivaa vile vile kama walivyovaa wazee wao. Lakini kofia ile ya ngozi haikushonwa imlinde mtu na mshindo. Ilishonwa imlinde na baridi. Wala mkanda wa kwanza uliofungwa kiunoni mwa rubani haukutiwa kwa ajili ya siku ya kuanguka. Ulitiwa ili asichomoke kitini. Kabla watu hawajafahamu kwamba kofia na mkanda vyaweza kufanya kazi nyingine, ilipita miaka mingi, na wengi walikufa. Habari hiyo ndiyo tunayotaka kuisimulia.

Orville Wright alipoinuka kwa mara ya kwanza, tarehe 17 Desemba 1903, hakukaa kitini. Alilala kifudifudi juu ya bawa la chini, kichwa mbele, naye hakufungwa kwa kitu cho chote. Safari ile ilikuwa ya sekunde 12 na urefu wa futi 120, tena mchanga wa pwani ya Kitty Hawk ni laini. Miaka mitano baadaye ndege zake na za ndugu yake Wilbur zilikuwa na viti viwili, mwendo umezidi, na kwenda juu kumezidi. Bali namna ya kumshika mtu ndani haikuwako bado. Rubani na abiria walikaa ukingoni mwa bawa, miguu ikining'inia mbele, kama watu waliokaa barazani kuzungumza.

Tarehe 17 Septemba 1908, katika kambi ya Fort Myer karibu na mji wa Washington, Orville alimchukua Luteni Thomas Selfridge, kijana wa miaka 26, ili wakubwa wa jeshi waone jinsi ndege iwezavyo kuchukua watu wawili. Wakakizunguka kiwanja mara kadhaa. Ndipo rafadha moja, yaani lile panga la mti lizungukalo na kuisukuma ndege, ikapata ufa, ikatetemeka, ikagusa waya ulioshika usukani wa nyuma. Orville akazima mtambo akajaribu kushuka taratibu, lakini walipofika kama futi 75 juu ya nchi, ndege iliinamisha pua ikaanguka wima. Orville alivunjika paja na mbavu, akakaa hospitalini wiki nyingi, akapona. Selfridge kichwa chake kiligonga nguzo ya mbao ya ndege yenyewe, fuvu likapasuka, naye akafa jioni ile bila kurudiwa na fahamu. Ndiye mtu wa kwanza duniani aliyekufa kwa ajali ya ndege yenye mtambo.

Tuangalie vizuri jinsi mambo yalivyokuwa. Watu wawili walianguka pamoja, kutoka mahali pamoja, kwa kasi moja, ndani ya chombo kimoja. Mmoja alikufa siku ile ile. Mwenziwe aliishi karibu miaka 40 baadaye. Kilichowatenga si urefu wa anga, bali ni ule mti ambao kichwa cha mmoja kiliugonga. Baadhi ya maofisa wa jeshi walilifahamu neno hili, maana baada ya msiba ule wengine wao walianza kuruka wakivaa kofia nene mfano wa zile za mchezo wa Wamarekani wa mpira wa kukumbana. Lakini walio wengi waliutazama ule urefu tu. Waliona kwamba mtu akianguka na ndege amekwisha. Basi kofia ya nini?

Mkanda uliingia kwa njia nyingine kabisa. Mwaka wa 1910 jeshi la Marekani lilikuwa na ndege moja tu, na Luteni Benjamin Foulois alipelekwa nayo San Antonio katika Texas ajifundishe mwenyewe kuirusha. Alikuwa amefundishwa kidogo tu, na alipokwama aliwaandikia barua akina Wright kuwauliza amekosa wapi, kisha hungoja jibu kwa posta. (Sisi walimu tumeona namna nyingi za kufundisha, lakini hii ya kumfundisha mtu kuruka kwa barua hatujaijaribu.) Siku moja, alipokuwa akitua, ndege ilirushwa na upepo hata yeye akakaribia kutupwa nje. Aliposhuka alikwenda kwa mafundi wa matandiko ya farasi, akaomba ukanda wa ngozi wenye urefu wa futi nne hivi, akajifunga nao kitini. Hivyo mkanda wa ndege ulitoka katika banda la farasi, na shabaha yake ilikuwa ile ile ya kumzuia mpandaji asitupwe na mnyama mkali.

Marubani wengi waliuchukia. Walisema ni afadhali mtu atupwe mbali, kuliko afungwe pamoja na mtambo mzito utakaomponda, au katika nguo na petroli vitakavyomteketeza. Hoja hii haikuwa ya kipumbavu. Katika ndege kadhaa za siku zile mtambo ulikuwa nyuma ya mgongo wa rubani, na kila mtu alikuwa amesikia habari za moto. Walakini tarehe 1 Julai 1912, karibu na Boston, lilionekana jambo ambalo lilipasa kuwafumbua macho. Harriet Quimby, mwanamke wa kwanza wa Marekani kupata cheti cha urubani, ambaye mwezi wa Aprili mwaka ule ule alikuwa amevuka mlango wa bahari wa Uingereza kwa ndege, alikuwa akirudi kiwanjani na abiria mmoja. Hawakujifunga. Ndege ikainamisha mkia juu kwa ghafula. Abiria akachomoka, kisha Harriet naye akachomoka, wakaanguka katika maji machache ya ghuba mbele ya macho ya watu maelfu, wakafa. Ndege yenyewe, ilipokwisha kuwapoteza, ilijinyosha ikashuka hata ikatua katika tope, wala haikuharibika sana.

Kilichowashawishi marubani hatimaye hakikuwa msiba huu, kilikuwa mchezo. Mwaka wa 1913 Mfaransa Adolphe Pégoud alipotaka kuruka kichwa chini miguu juu, kwanza aliitaka ndege yake ipinduliwe ikiwa imesimama bandani, akaning'inia ndani yake katika mikanda ili mwili uzoee. Tangu hapo hapakuwa na rubani hodari asiyetaka kugeuka angani, na agekaye angani hana budi kufungwa. Vita ya 1914 ilipoanza mkanda ulikuwa umekwisha kuwa desturi. Katika vita ile Mwingereza Oliver Sutton alibuni mikanda minne, miwili ya mapaja na miwili ya mabega, yote ikikutana kifuani na kushikwa kwa pini moja. Ukiichomoa pini ile, mikanda yote minne huachia mara moja. Ni kitu cha akili sana, na jeshi la anga la Uingereza lilikitumia miaka mingi. Lakini kofia ilibaki ile ile ya ngozi, maana huko juu baridi ilikuwa kali, na habari ya mshindo ilikuwa haijamwingia mtu akilini.

Hapa twataka kukaa kidogo, maana tumefika kwa mtu ambaye watoto wetu wa shule wastahili kumjua. Bessie Coleman alizaliwa tarehe 26 Januari 1892 katika mji mdogo uitwao Atlanta, jimbo la Texas, binti wa watu weusi waliochuma pamba. Alikwenda shuleni kwa miguu, na wakati wa mavuno masomo yalikatizwa ili watoto wakachume. Alipokuwa mtu mzima alihamia Chicago, akapata kazi ya kutengeneza kucha za wateja katika duka la kinyozi. Husimuliwa kwamba nduguye mmoja, aliyekuwa amerudi kutoka vitani Ufaransa, alimtania akisema wanawake wa Kifaransa hurusha ndege, na yeye hawezi. Neno lile likamchoma. Akatafuta shule ya urubani, na katika nchi yake hakuna iliyomkubali, kwa kuwa ni mwanamke na kwa kuwa ni mweusi. Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, akamshauri aende Ufaransa. Basi akajifunza Kifaransa, akaweka akiba, akasafiri mwezi wa Novemba 1920, na tarehe 15 Juni 1921 akapewa cheti, mwanamke mweusi wa kwanza duniani kupata cheti cha urubani.

Aliporudi alifanya maonyesho ya kuruka mbele ya makundi makubwa. Alikataa kuruka mahali ambapo watu weusi walitakiwa wapite mlango wao peke yao. Fedha alizokuwa akikusanya alizikusudia kwa jambo moja, kujenga shule ya urubani kwa ajili ya watu wake. Mwaka wa 1923 alianguka huko California, mtambo ulipozimika, akavunjika mguu na mbavu. Hakuacha.

Mwaka wa 1926 alipata ndege aina ya Curtiss JN-4, masalio ya vita, iliyokuwa imechakaa. Fundi wake, William Wills, aliileta kwa kuirusha kutoka Texas hata Jacksonville katika Florida, akalazimika kushuka njiani zaidi ya mara moja kwa sababu ya ubovu wa mtambo. Tarehe 30 Aprili, siku moja kabla ya maonyesho, waliinuka pamoja. Wills alishika usukani, Bessie akakaa kiti cha pili. Hakufunga mkanda. Alikuwa na sababu, na sababu yake ilikuwa ya kazi: kesho yake alikusudia kuruka kwa mwavuli, na siku ile alitaka kuinuka na kuchungulia nje ya ukingo ili achague mahali pa kushukia. Baada ya dakika kama kumi ndege iliinama ghafula, ikaanza kuzunguka kama pia, ikapinduka. Bessie akachomoka, akafa. Alikuwa na miaka 34. Wills alishindwa kuinyosha ndege, akaanguka nayo, akafa yeye naye. Baadaye ilionekana spana iliyosahauliwa imeingia katika mitambo ya uongozi na kuikwamisha.

Je, mkanda ungemwokoa? Hatuthubutu kusema ndiyo, maana Wills alibaki ndani ya ndege naye hakuokoka. Twasema hili tu, kwamba mtu aliye ndani ya ndege inayoanguka ana nafasi, hata ikiwa ni nyembamba kama uzi, ndege inyoshwe, au miti iivunjie nguvu. Bali aliyechomoka hana hata moja. Shule aliyoiota hakuiona. Mwaka wa 1929 watu weusi wa Los Angeles waliunda chama cha urubani kwa jina lake, na tangu 1931 marubani wa Chicago wakaanza desturi ya kuruka kila mwaka juu ya kaburi lake na kuangusha maua.

Tusidhani mambo haya ni ya ng'ambo peke yake. Tarehe 14 Mei 1931 pale Voi, ndege ndogo aina ya Gipsy Moth ya Mwingereza Denys Finch Hatton, mwindaji aliyejulikana sana katika Kenya, ilianguka mara tu ilipoinuka, ikashika moto. Alikufa yeye, na pamoja naye mtumishi wake Mkikuyu jina lake Kamau. Kaburi la bwana liko katika milima ya Ngong na wageni hulizuru. Kamau ana maneno machache tu katika vitabu. Ajali za namna hii, ndege ndogo na petroli na nguo iliyopakwa dawa iwakayo upesi, ndizo zilizokaza moyo wa marubani kuogopa kufungwa. Na hofu yao ilikuwa na jibu tayari, ile pini moja ya Sutton: mkanda ushike sana, nao uachie upesi.

Neno la kichwa lilikuja kwa pikipiki. Mwezi wa Mei 1935 T. E. Lawrence, aliyepata sifa katika vita vya Uarabuni, alianguka na pikipiki yake huko Uingereza, akalala siku sita bila fahamu, akafa. Miongoni mwa madaktari walioitwa alikuwako Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo, mzaliwa wa Australia. Kifo kile kilimkaa moyoni. Vita ya pili ilipoanza, tarishi wa jeshi wengi walikufa barabarani gizani, na Cairns akaanza kuhesabu. Mwaka wa 1941 alichapisha maneno yake: katika miezi 21 ya kwanza ya vita watu 2,279 walikuwa wamekufa katika Uingereza juu ya pikipiki. Kisha akaeleza habari za ajali saba tu alizoweza kuzipata za watu waliokuwa wamevaa chapeo ngumu. Wote saba walikuwa wameumia kichwani, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa jeraha hilo. Mwezi wa Novemba mwaka ule jeshi likaamuru wapanda pikipiki wake wote wavae chapeo wakiwa kazini. Marubani, wao, walikuwa wakipigana vita ile ile juu ya vichwa vyao na kofia za ngozi na nguo, zenye vyombo vya kusikilizia na bomba la pumzi, na wengi wao hawakuvaa chapeo ngumu mpaka zilipokuja ndege za jeti.

Mtu aliyeunganisha mambo yote mawili, mkanda na kichwa, alikuwa Mmarekani Hugh DeHaven. Mwaka wa 1917, akiwa mwanafunzi wa urubani katika Texas, ndege yake iligongana na nyingine hewani. Aliokoka, lakini ini na kongosho na mfuko wa nyongo vilikuwa vimepasuka. Alipokuwa amelala hospitalini alifikiri, akaona kwamba majeraha yake yalitokana na bizimu ya mkanda wake, kipande cha chuma chenye ncha kilichomwingia tumboni. Akajiuliza: ikiwa chuma kidogo kilichowekwa mahali pabaya kimenifanya hivi, na mengine ya mwili yamesalimika, je, si kweli kwamba chombo kikiundwa vizuri mtu aweza kuanguka na kusalimika mzima? Watu walimwona kama anacheza. Wakati huo desturi ilikuwa kuuliza kwa nini ndege imeanguka, wala si kwa nini mtu amekufa. DeHaven aliliuliza swali la pili. Akakusanya habari za watu walioanguka kutoka majumba marefu wakapona, akaenda kupima walipoangukia. Mwanamke mmoja alianguka futi 55, akaangukia udongo wa bustani, na udongo ule ulibonyea inchi chache tu, hakuvunjika mfupa. DeHaven aliangusha pia mayai kutoka juu yakatua katika mpira laini, yasivunjike. Mwaka wa 1942 aliyachapisha haya, na mwaka ule ule ukaanza uchunguzi wa majeraha ya ajali katika chuo kikuu cha Cornell.

Tulipowaeleza wanafunzi wetu habari ya mayai, walitutazama kwa shaka, na sisi hatukuwa na mpira laini. Basi tulichukua nazi mbili zilizolingana. Moja tuliiacha katika makumbi yake, ya pili tuliifua. Kijana mmoja akapanda mti ulio kando ya shule akaziangusha zote mbili juu ya mwamba. Nazi iliyofuliwa ilipasuka, maji yakamwagika. Ile ya makumbi iliruka kidogo ikabiringika majanini, na tulipoifua, kifuu chake kilikuwa kizima. Urefu ulikuwa mmoja na mwamba ulikuwa mmoja. Lakini kifuu cha kwanza kilisimama papo hapo, na cha pili kilisimama kidogo kidogo, kwa muda ule mfupi makumbi yalipokuwa yakibonyea. Chapeo nzuri imetengenezwa hivyo hivyo: nje gamba gumu, ndani kitu chepesi kinachobonyea na kupondeka. Charles Lombard na wenziwe wa chuo kikuu cha Southern California walipata hati ya uvumbuzi wa chapeo ya namna hii mwaka wa 1953. Na kile cha ndani kikisha kupondeka hakirudi. Chapeo iliyopata mshindo mkubwa mara moja imekwisha kazi yake, hata kama nje haina ufa, wala asiuziwe mtu mwingine.

Sasa tupige hesabu kidogo. Ndege za kale ni za polepole. Nyingi hutua kwa mwendo wa maili 40 hivi kwa saa. Mwendo huo ni sawa na wa kitu kilichoanguka kutoka futi 54, yaani kutoka kilele cha mnazi mrefu. Mtu wa ratili 150 akiwa katika mwendo huo, na mwili wake ukisimamishwa katika nafasi ya futi moja, aonja mzigo unaopita mara 50 uzito wake, zaidi ya ratili 7,500. Akisimamishwa katika futi tatu, mzigo washuka hata mara 18. Kichwa kinachogonga ubao wa vipimo na kusimama katika inchi moja, hakuna haja ya kukipigia hesabu. Pua ya ndege inayopondeka, na miti ya bawa inayovunjika, yote hayo humpa mtu futi zake tatu. Lakini humpa yule tu aliyefungwa vema na ndege. Mkanda uliolegea humwacha aendelee kwenda wakati ndege inaposimama, na anapokuja kuufikia ukingo wa mkanda ile nafasi imekwisha kutumika.

Daktari mmoja wa jeshi, John Paul Stapp, aliyezaliwa Brazil mwaka wa 1910 na wazazi wamisionari, aliujaribu mzigo huu juu ya mwili wake mwenyewe. Tarehe 10 Desemba 1954, katika jangwa la New Mexico, alifungwa juu ya gari la roketi, akafikia mwendo wa maili 632 kwa saa, kisha akasimamishwa katika sekunde 1.4. Mzigo ulipita mara 46 ya uzito wake. Macho yalijaa damu, asione kwa muda, yakapona. Alikufa mwaka wa 1999, mzee wa miaka 89. Mwili wa binadamu, ukifungwa sawasawa, una nguvu kuliko watu walivyodhani zamani za Selfridge.

Turudi sasa kwa watunzao ndege za kale. Huko Old Warden katika Uingereza iko ndege aina ya Blériot ya mwaka wa 1909 iliyorushwa futi chache juu ya majani siku zisizo na upepo. Na Old Rhinebeck katika jimbo la New York watu wamezoea kuziona ndege za vita ya kwanza zikiruka. Ndege za Tiger Moth, ambazo ya kwanza iliruka tarehe 26 Oktoba 1931 na zilitengenezwa zaidi ya 8,000, zingali nyingi. Wenye ndege hizi hupenda kila msumari uwe wa asili, nasi twawaelewa, maana kitu cha kale kikipakwa upya mno hukoma kuwa cha kale. Sheria nayo haikuwasumbua sana: katika Marekani mikanda ya mabega ilikuja kulazimishwa kwa viti vya mbele vya ndege ndogo zilizotengenezwa baada ya 18 Julai 1978, na zile za zamani zikaachwa zilivyo. Hivyo ziko ambazo rubani wake angali na mkanda wa kiunoni tu. Huo wamshika nyonga, na kifua na kichwa vyajikunja mbele kama kisu cha kukunja, na mbele ya uso wake, karibu kabisa, uko ukingo wa kitundu na dira ya shaba na vioo.

Anayeongeza mikanda ya mabega hana budi kutazama inakofungiwa nyuma. Ikishuka kutoka mabegani kwenda chini sana, siku ya mshindo itamkandamiza mgongo wake mwenyewe. Tena mkanda wo wote hauna nguvu kupita mti uliofungiwa, na kuna viti vya kale vya henzirani na mbao nyembamba ambavyo hupendeza kwa macho tu. Pamba ya mkanda wa asili huoza. Nailoni nayo huliwa na jua, hata ukiishika ukaiona imara. Twaona ni kosa kubwa kumwamini mzee wa miaka 80 kwa sababu tu anafanana na picha.

Kuhusu chapeo hatuoni sababu ya ugomvi. Mafundi hutengeneza chapeo ngumu zilizovikwa ngozi ya kahawia, na mtu aliye mbali hawezi kuzitofautisha na kofia ya mwaka wa 1930. Neno la kuangalia ni uzito, maana katika kitundu kilicho wazi upepo huvuta kichwa, na siku ya mshindo shingo hubeba kichwa pamoja na chapeo. Nyepesi iliyobana vizuri ni bora kuliko nzito inayocheza. Ukosi wa chini ya kidevu ufungwe. Tumeona katika barabara zetu wapanda pikipiki wanaoivaa chapeo kama kofia ya harusini, ikabaki hewani wao wanapokwenda chini.

Rubani wa Tiger Moth anapokaa kitini, huvuta kwanza mikanda ya mapaja mpaka ikakaa chini kabisa juu ya mifupa ya nyonga, wala si juu ya tumbo, pale palipomponza DeHaven. Kisha huleta ya mabega, huipitisha yote katika pini moja, huivuta mpaka dole gumba lipite kwa shida. Kama amevaa na mwavuli, huigusa bizimu ya mwavuli kwa mkono mmoja na pini ya mikanda kwa mwingine, ili mikono ijue kwa kupapasa ipi ni ipi. Halafu hujaribu kuinama mbele aone kama uso wake wafika ubaoni. Mtu wa chini, aliyeiweka mikono yake juu ya rafadha tayari kuizungusha, hungoja mpaka rubani amalize.